Matanga ya Gogoni

Njia ya Fukayosi haikuwa na mlango tangu watu walipoanza kuikanyaga. Sasa ilikuwa nao. Ulikuwa gogo la mnazi, mmoja wa ile iliyokatwa na mizinga ya manowari za Wazungu mwaka uliopita, limelazwa juu ya panda mbili za miti, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Mbuzi walipita chini yake. Watoto walipita. Mwendawazimu mmoja wa mjini alipita kila siku, akaenda na kurudi, askari wakimcheka. Lakini mwanamume mwenye akili zake timamu, akitokea bara, alisimama hapo akaulizwa yeye ni nani, na jibu lolote alilotoa halikutosha.

Ausi alilifikia gogo hilo jua likiwa bado changa, bega lake la kulia limechubuka kwa mti wa machela. Yeye alibeba mbele, Msabaha nyuma. Katikati, ndani ya shuka la merikani lililofungwa kwenye mti, alilala mama yake, Bi Somoe, mwepesi kama mzigo wa makumbi ya nazi.

"Msabaha," Bi Somoe aliita kutoka ndani ya shuka. "Mbona mmesimama? Mmechoka au mmekufa?"

"Tumefika mlangoni kwa wenyewe, bibi. Tunapiga hodi."

"Bagamoyo ina mlango siku hizi?"

"Mlango inao, ukuta haina. Ndivyo wanavyojenga Wazungu, huanza na mlango."

Bi Somoe alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Ausi akahisi mti wote unatetemeka begani mwake.

Msabaha alikuwa Mnyamwezi aliyeteremka pwani na misafara ya pembe zamani, akasilimu, akapanga chumba uani kwa Bi Somoe, akawa mtani wa nyumba nzima. Mtani ana ruhusa ya kumwambia mwenyeji wake lolote, na siku ya msiba ana haki yake kamili: jeneza haliondoki mpaka apewe anachodai. Miaka mingi Msabaha alikitamani kijaluba cha shaba ambamo Bi Somoe alitia chokaa ya tambuu. "Siku ukifa, bibi, nitalala mbele ya jeneza lako mpaka nipewe hicho." Naye humjibu, "Basi nitaishi kwa ubishi tu, Mnyamwezi wee."

Ubishi ulikuwa umefika mwisho. Mizinga ilipoanguka mjini walikimbilia Fukayosi, kwao Bi Somoe, wakakaa huko mwaka mzima wakila muhogo na habari mbaya. Alipoanza kushindwa kumeza hata uji, Bi Somoe alimwita mwanawe akamwambia maneno mawili. La kwanza, "Nipeleke nikalale ubavuni kwa baba yako." La pili, "Na kaburini unipokee wewe." Maana mwanamke hupokewa kaburini na maharimu wake, mkono usiokuwa mgeni, na Bi Somoe alikuwa amezaa mara moja tu. Ausi aliahidi yote mawili bila kufikiri, kama mtu anavyoahidi kumletea mgonjwa maji.

Aliyetoka kivulini upande wa pili wa gogo, nyuma ya askari wawili Wanubi, alikuwa Mbaruk, mkalimani wa boma. Juu ya kanzu alivaa koti la boma lenye vifungo vya shaba, na joto lile! Ausi alimfahamu kuliko alivyoifahamu njia. Mamake Mbaruk, Bi Thuraya, alifariki siku ya kumzaa, na Bi Somoe, aliyekuwa na Ausi mchanga mapajani, alikichukua kile kitoto cha Kiarabu cha Kimanga akakiweka kwenye ziwa la pili. Miaka miwili walinyonya pamoja, mmoja huku, mmoja huku, wakipigana mateke.

Mbaruk hakusalimu.

"Ni amri," alisema, akiitazama miguu ya Ausi. "Mwanamume aliyetoka bara asiingie mpaka mtu wa mjini amdhamini mbele ya bwana mkubwa wa boma. Naye bwana mkubwa yuko Mbegani, atarudi kesho. Mama anaweza kupita."

"Mtu wa mjini," Ausi alisema. "Na wewe ni mtu wa wapi?"

Mbaruk aliwatupia jicho askari, akashusha sauti. "Ami yangu Nasser yuko bara na waliopigana na Wazungu. Mimi mwenyewe nimedhaminiwa, Ausi. Nikikushika mkono wewe, na mimi nitaondoshwa."

Ausi alikuwa amevuka nchi za watu. Alifika Ugogo akiwa na mzigo kichwani, nchi ambayo kila kilima kina mtemi wake na kila mtemi ana hongo yake ya kupitia. Walisimamishwa, walitukanwa, walikalishwa juani siku kucha. Mwishowe walipita. Hakuna mgeni aliyewahi kumrudisha. Na leo, mbele ya minazi ambayo aliikwea mwenyewe kuangua nazi, anaambiwa hapana kwa Kiswahili safi cha mtaani kwao.

"Mbaruk!" Bi Somoe aliita.

"Labeka, mama." Lilimtoka kabla hajaliwahi.

"Kumbe masikio unayo. Shikamoo nayo imekatazwa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa sikiliza, na ukipenda mkalimanie bwana wako. Mimi siingii nusu. Watoto wangu wawili, mmoja yuko ndani, mmoja yuko nje. Nitakaa hapahapa mpaka mpatane."

"Mama, utaumia na jua."

"Nimekwisha kuumia. Nilazeni."

Walimlaza chini ya mkorosho, hatua chache kutoka gogoni. Msabaha akampepea kwa kawa. Aliomba tambuu, ikakunjwa, hakuweza kuitafuna. Akabaki ameishika mkononi tu. Kijaluba akakitia kiganjani mwa Ausi akamfunga vidole. "Mfiche Mnyamwezi asikione," alinong'ona.

"Nimekwisha kukiona, bibi," alisema Msabaha. "Fanya haraka basi, nisizeeke nikingoja."

Hilo ndilo lililomfanya atabasamu mara ya mwisho. Pumzi zilianza kuachana. Ausi aliinama akamsomea shahada sikioni, pole pole, mara akaona midomo inamfuata, mara akaona haimfuati tena. Mjini mwadhini aliadhini adhuhuri, na sauti yake ikavuka juu ya gogo bila kuulizwa na mtu.

Msabaha aliweka kawa chini. Hakufanya mzaha.

Habari ilifika mjini mbio, kwa kuwa habari haikuwa na haja ya kudhaminiwa. Alikuja Bi Mina, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na wanawake wenye mitungi na mashuka, wakazungusha pazia chini ya mkorosho wakamwosha hapo hapo. Wanaume walikuja na jeneza. Watu wa ndani waliruhusiwa kutoka. Ilikuwa kuingia tu ndiko kulikokuwa na mambo.

Mbaruk alimsogelea Ausi. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Maiti anapita. Nimekwisha sema na askari. Amri inataja watu, haitaji maiti."

"Alipokuwa na roho alilala njiani. Sasa anapita."

"Ausi..."

"Nitamzika hapa. Kwa mkono wangu, kama alivyotaka."

Akachukua jembe la mmoja wa waliokuja, akaenda nyuma ya mkorosho, akaanza kuchimba. Alichimba kama mtu anayempiga mtu. Watu walimwacha, mfiwa huachwa. Mchanga ule wa kando ya njia ulikuwa mwepesi, kila alipotoa pakacha moja ukaporomoka nusu pakacha, na shimo halikuwa refu, likawa pana tu, kama kidimbwi.

Msabaha alikuja akachuchumaa ukingoni. "Mtani wangu, hapa ni njiani. Kesho punda wa boma watapita juu ya tumbo lake. Keshokutwa mtu atamjengea kibanda cha kuuzia mihogo kichwani."

"Aliniambia nimpokee mimi."

"Alikwambia maneno mawili. Nilikuwapo, nilikuwa namwibia tambuu."

Ausi alisimama, jembe mkononi, jasho likimchuruzika machoni. Maneno mawili, naam, na moja kati ya hayo lazima livunjike leo. Alijiuliza ni lipi, na moyoni akajua kwamba shimo hili hakulichimba kwa ajili ya mama. Alilichimba ili kila mtu wa mjini, kila siku, apite akaone alivyofanyiwa. Mama yake angekuwa kibao cha hasira yake. Naye hakuomba hilo; aliomba alale ubavuni kwa mumewe.

Akalifukia lile shimo kwa mguu. Halafu alimwendea Mbaruk, watu wote wakisikia.

"Ulinyonya ziwa lipi?"

Mbaruk alijibu, "La kushoto. Alisema la kulia ulikataa kuliachia."

"Basi wewe ni mwanawe wa ziwa, maharimu wake. Mimi siruhusiwi kufika. Mama yetu atapokewa na wewe."

Mbaruk aliwatazama askari, kisha mji, kisha mikono yake. Kushuka kaburini ni kusema mbele ya Bagamoyo nzima kwamba huyu aliyezuiwa gogoni ni nduguye. "Nitawatafuta wazee washuke," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nitasimamia."

Ausi alimpa mgongo. Walisalia jeneza hapo hapo, safu tatu, Ausi mbele. Kisha wakaliinua, bega lake la kulia lililochubuka likiwa chini ya mti wa kwanza. Askari walinyanyua gogo. Jeneza lilipokaribia panda, Msabaha alilala chini, chali, mikono kifuani, katikati ya njia.

"Hapiti mtu," alisema. "Sijalipwa."

Watu wa mjini walielewa, hata baadhi walitabasamu huku wanalia. Askari hawakuelewa kitu. Mmoja alishusha bunduki begani akamwelekezea. "Mwache," Mbaruk alimwambia upesi kwa Kiarabu, "hii ni mila." Ausi, kwa mkono ulio huru, alitoa kijaluba akamrushia Msabaha. Kilianguka kifuani pake. Msabaha alikishika, akakigeuza juani, akakiweka kando.

"Miaka yote nilikitaka hiki. Leo sidai kwa huyu, huyu kesha kutoa. Nadai kwa mtoto wa ndani. Mbaruk mwana wa Thuraya, uliyelelewa na Somoe, nipe koti."

"Msabaha, nakuomba. Nitakupa rupia, nitakupa kanzu mpya."

"Kanzu ninayo. Nataka koti hilo la vifungo. Au bibi yangu alale njiani mara ya pili, na mara hii ujue ni wewe."

Jeneza lilikuwa zito mabegani, au labda ni kule kusimama. Ausi aliona vidole vya Mbaruk vinakwenda kwenye kifungo cha kwanza, vinasita, vinakifungua. Kikafuata cha pili. Koti lilipotoka, kanzu yake ilikuwa imelowa mgongo mzima, na alionekana mwembamba, kama yule kijana aliyekuwa akiiba nazi pamoja naye. Alimtupia Msabaha koti. Akavua na viatu.

Msabaha aliinuka, akajifuta mchanga, akapisha.

Ausi alitembea mpaka kwenye panda, mpaka askari wakamwekea mkono kifuani. Hapo akatoa bega lake, na Mbaruk akaweka la kwake pahali pale pale, mti ukiwa bado na joto. Jeneza likavuka. Gogo likashushwa.

Makaburi yalikuwa karibu, ng'ambo ya vichaka, na kutoka gogoni Ausi aliona vichwa vya watu vimezunguka. Aliona shuka limetandazwa juu ya kaburi, limeshikwa pembe nne, kama paa la nyumba inayojengwa. Aliona Mbaruk anaingia chini ya paa lile. Hakuona zaidi. Alijaribu kuhesabu moyoni, sasa anamgeuza kibla, sasa anamlegezea fundo la sanda usoni, na mikono yake mitupu ikafanya hewani yale yaliyokuwa yanafanywa kule. Askari mmoja Mnubi, mtu mzima mwenye mvi, aliegemeza bunduki kwenye panda, akainua viganja akamwombea marehemu asiyemjua, kisha akaichukua bunduki yake tena.

Mbaruk alirudi na mchanga mpaka magotini.

"Ubavuni kwa baba?" Ausi aliuliza.

"Ubavuni kwa baba. Nimemlaza mwenyewe." Akakaa chini pale pale, upande wake wa gogo. Ausi akakaa upande wa huku. Bi Mina, aliyekuwa akitafuta pa kuwekea msiba, aliwatazama wote wawili, akavuta mkeka akaupitisha chini ya gogo, nusu ndani, nusu nje. "Matanga ni hapa," alisema. "Mfiwa yupo hapa, tumfuate wapi?"

Wakaleta mikeka mingine, na kahawa, na msahafu. Jioni njia nzima ilikuwa imejaa watu waliokaa. Hakuna aliyeingia na hakuna aliyetoka, na askari hawakupata amri yoyote ya kuwahusu watu waliokaa.

Asubuhi bwana mkubwa alirudi kutoka Mbegani juu ya punda mweupe. Njia ilikuwa haipitiki. Alisimama nyuma ya mikeka, akatazama gogo lake, akatazama watu, jicho lake likatua kwa Msabaha, aliyevaa koti la boma juu ya kifua wazi, vifungo vyote vimefungwa, anatafuna tambuu kwa utulivu. Akasema jambo kwa lugha yake, kwa ukali, akimwelekezea Mbaruk kidole.

"Anasemaje?" Msabaha aliuliza. "Mwambie akitaka kupita avue viatu, hapa pana msiba."

Hakuna aliyecheka. Mbaruk aliinuka. Magotini bado alikuwa na mchanga wa kaburi, hakuupangusa.

"Anauliza koti la boma limefikaje huko," alisema. "Na huyu aliyeketi karibu nami ni nani."

Alimgeukia bwana mkubwa akamjibu kwa lugha ile ya kigeni, maneno machache. Kisha akayarudia kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mpaka mikeka ya mwisho, ili Ausi ajue alivyomsemea.

"Koti nimetoa mimi, nilikuwa nadaiwa. Na huyu ni ndugu yangu. Tumefiwa na mama. Mimi namdhamini."