Mfalme Asiyetulia Kitini

Mwezi wa tatu nilikuwa mjini Otsu nikinoa visu nyumba kwa nyumba, na kama kawaida nikafikia kwa Bi Kinuyo. Sebuleni walishapanga wanasesere wa mjukuu wake, wa sikukuu ya wasichana, kwenye ngazi yenye kitambaa chekundu, mfalme na malkia juu kabisa. Hao si wa kuchezea. Wa kuchezea alikuwa mwingine, wa mti, asiye na mikono, na mtoto alikuwa anamtafuna kichwa.

Bi Kinuyo akanivuta pembeni.

"Heisuke, akili inanitoka. Jioni namweka mfalme kulia, asubuhi namkuta kushoto. Mwanangu ameanza kuulizia nyumba za wazee."

"Labda panya."

"Panya gani anayehamisha wafalme? Hebu nitolee upuuzi wako!"

Nikacheka. Lakini nilitoka uani kunoa kisu kimoja tu, kurudi nikamkuta mfalme kushoto. Nikajishika kichwa. Nilimwona kulia, au niliota?

Bi Kinuyo alikuwa anamrudisha mfalme kulia, mkwewe Satsuki alipoingia na chai.

"Kumbe ni wewe, Mama! Mimi kila siku namrudisha mahali pake."

"Mahali pake wapi?"

"Kushoto. Kwetu Iwatsuki ndivyo."

"Huku kwetu hukaa kulia tangu enzi za bibi yangu! Mbona hukusema?"

"Nilidhani umesahau. Nikaona nisikuaibishe."

Wakanigeukia. Bi Kinuyo akauliza, "Wewe mzururaji, nani mkweli?"

"Nilikopita kote wanaapa, na kila mji unaapa vyake."

Bi Kinuyo akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi ni mzima mimi! Mumeo akirudi mwambie leo hii hii." Halafu akamkazia macho malkia. "Ila upepeo wake mmeuficha wapi? Tangu juzi nautafuta."

Ulikuwa umechomekwa kwenye mkanda wa kimono ya Bi Kinuyo mwenyewe.

Satsuki aliuona. Nami niliuona. Satsuki akapiga magoti kama anayemnyooshea mkwewe nguo, akauchomoa taratibu.

"Huu hapa, Mama. Ulianguka nyuma ya kitambaa."

"Si nilisema!"

Tukatazamana juu ya kichwa cha bibi yule. Sasa tuseme ni mzima, au si mzima? Nje baiskeli ya mwanawe ikaegeshwa. Satsuki akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilikuwa na kisu mkononi, sikumbuki kama nilishakinoa au bado.