Mtoto wa Plasta wa Doña Eduviges

Mtu aliyeibiwa hacheki. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi asubuhi ile ya Januari, nilipofungua duka langu la donati na kumwona Doña Eduviges kasimama kwenye geti lake ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni, anacheka.

"Jamani, Mtoto wangu kaibiwa!" alimpigia kelele don Wences, fundi matairi wa jirani. "Yesu wangu mchanga kabebwa, hori tupu!"

"Ala! Na nani?"

"Mimi nitajuaje? Mwizi anajijua mwenyewe." Halafu, haki ya nani, akageuza macho yake akayatua kwenye kioo cha duka langu.

Nikajifanya hamnazo, nikaendelea kupanga donati kwenye trei.

Kila Desemba Doña Eduviges hujenga pango la Krismasi uani kwake. Huweka majani makavu, kondoo, ngamia, Mariamu na Yusufu, na katikati, kwenye hori, hulala mtoto wa plasta mkubwa kama mtoto mchanga wa kweli, hana nguo, ana kinepi tu. Sikuwahi kuvuka barabara kwenda kuangalia. Mtaa huu wote ni wa watu wa Meksiko, wanaoitana don na doña, yaani bwana na bibi, na Wasalvador wachache kule kwenye kona. Wakambodia tuko wawili, mimi Chanthou na mama yangu, na tunaishi kwenye chumba kilicho nyuma ya duka. Wananiita Mchina. "Wee Mchina, nipe mbili za chokoleti!" Zamani nilikuwa nawasahihisha, nawaambia mimi si Mchina, ni Mkambodia. Wananijibu, "Sawa, Mchina." Basi nikachoka. Kioo changu kimepigwa mawe zaidi ya mara moja, na watoto wao wamepita hapa wakijivuta macho kwa vidole ili wafanane na mimi. Usinione natabasamu kwenye kaunta ukadhani nimesahau. Nauza, nafunga, navuta pazia. Nyimbo zao za sikukuu nazisikilizia ukutani.

Wateja walipopungua nikaenda nyuma kumpa Mak uji. Mak ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Nilimkuta kakaa kitandani ananong'ona, kifuani kakumbatia kitu alichokifunga kwenye krama, kile kitambaa chetu cha miraba. Nikafunua kidogo. Macho mawili ya kioo yakanitazama, ya bluu. Roho ikaniruka.

"Mak! Huyu umemtoa wapi?"

"Sema polepole, Vuthy kalala." Akamfunika tena. "Walimwacha nje, hana nguo. Watu gani hawa wanaomwacha mtoto nje kwenye baridi?"

Vuthy ni kaka yangu. Alifia mgongoni mwa Mak akiwa mchanga, kule kwetu, siku askari walipowaswaga watu wa mji kwenda mashambani kwa mtutu wa bunduki, na Mak akaendelea kutembea naye kwa sababu hakukuwa na ruhusa ya kusimama. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Siku hizi akili ya Mak huenda na kurudi, na inakokwenda ni huko huko.

Najua unachotaka kusema. Kwa nini usivuke tu, ukaomba radhi, ukasema mama yangu mgonjwa? Ningevuka! Lakini mwaka jana Mak alitoka supamaketi na kopo la maziwa ya mtoto ndani ya koti. Mlinzi akaita polisi. Wakamtia pingu, bibi kizee wa watu, mikono yenyewe mifupa mitupu. Baadaye akaja mama mmoja wa ustawi wa jamii, sauti laini kama siagi, akaniambia likitokea tena itabidi wafikirie kumhamishia kwenye nyumba ya wazee. Nilikwenda kuiona nyumba hiyo. Milango yake inafungwa kwa nje. Mak afungiwe tena, apangiwe na watu pa kulala, kama kule mashambani? Thubutu! Ningelitafuna lile sanamu na macho yake kabla halijatokea hilo.

Kwa hiyo nikatia kufuli mlango wa nyuma, nikarudi kwenye kaunta nikajikausha.

Mambo yakaanza. Don Wences alikuja kunywa kahawa, akaegemea kaunta, mafuta ya gari mpaka kwenye nyusi.

"Mwizi bado hajajitokeza, unasikia?"

"Mwizi gani?" nikasema.

"Eti mwizi gani!" Akacheka peke yake. "Mwisho ni tarehe mbili Februari. Ikifika siku hiyo, mtaa mzima utakwenda mlangoni kwake."

"Kufanya nini?"

"Wee subiri tu, Mchina."

Nilimmiminia kahawa ya pili bila kuombwa. Mtaa mzima mlangoni! Nikaanza kuhesabu kichwani mwangu nani ana fimbo na nani ana simu ya kuwapigia polisi.

Kesho yake akaja Doña Eduviges mwenyewe, ambaye kwa kawaida humtuma mpwa wake.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula vizuri? Analala?"

"Analala."

"Peke yake?" Akatabasamu, meno yote nje. "Maana baridi mwaka huu, mama! Mtu akipata wa kumkumbatia ana bahati."

Kwa miaka kumi na moja mwanamke huyu hajawahi kuniuliza hata kama nina mama. Sasa anataka kujua analala na nani! Nikamfungia donati zake kwenye boksi la pinki nikampa haraka, wala sikumtazama usoni. Alipotoka nilimwona anasimama na wanawake wawili pale kwenye kituo cha basi. Wakaangalia duka langu wote kwa pamoja. Mmoja akajiziba mdomo.

Halafu ikaja nguo. Niliikuta asubuhi imening'inizwa kwenye kitasa cha duka, ndani ya mfuko safi: gauni dogo jeupe, limetariziwa uzi wa dhahabu, na soksi ndogo mbili. Hakuna jina, hakuna neno. Niliangalia kushoto na kulia. Nililielewa vizuri sana. Walikuwa wananiambia: tunajua alipo. Na kama ningeliingiza ndani, wangekuja na polisi waniulize, mama, hii nguo ya mtoto ni ya nani, na mtoto yuko wapi? Mtego huo, wa kijinga, na mimi si mjinga. Nikavuka hadi kwenye pipa la taka la barabarani nikautupa mfuko mchana kweupe, ili kama wananitazama waone kwamba Chanthou hatishiki. Na walikuwa wananitazama. Pazia la Doña Eduviges lilitikisika.

Jumapili, wote walipokwenda kanisani na mtaa ukabaki na mbwa tu, nilimnyang'anya Mak yule mtoto. Nasema nilimnyang'anya kwa sababu hakumwachia. Nilimfungua vidole kimoja kimoja.

"Ana homa," alikuwa anasema. "Usimpeleke, ana homa."

Krama nikaiacha nyumbani, maana ingetutaja, nikavuka na mtoto chini ya aproni. Geti halikuwa limefungwa. Nikamlaza kwenye hori kama alivyokuwa, nikafuta alama zangu za vidole kwenye mashavu yake. Niliporudi nilijihisi mwepesi. Limekwisha, nikasema. Hawana ushahidi sasa, watajua wenyewe.

Lakini Jumatatu hakucheka mtu.

Don Wences alipita mbele ya duka akaenda kunywa kahawa kwenye kituo cha mafuta, kahawa ambayo hata yeye huiita maji ya betri. Wale wanawake wa kituo cha basi waliangalia barabara. Doña Eduviges alitoka, akamwona Mtoto kwenye hori. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Nilitegemea kelele, nilitegemea polisi, nikapata kimya. Nikaanza kukitilia shaka hicho kimya kuliko kicheko. Wanapanga nini?

Na Mak akaacha kula. Alikuwa anashuka kitandani kwa mikono na magoti, anatafuta chini, anafunua ndoo za unga moja baada ya nyingine. Aliniuliza kwa adabu, kama anavyouliza mgeni, "Mama, hujaona mtoto amepita hapa?" Uji nikaumwaga asubuhi, nikaumwaga mchana, nikaumwaga jioni. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa imepasuka, na hata maji alikuwa anageuza uso. Hapo nikaona kwamba nimemwokoa asipelekwe nyumba ya wazee ili afie mikononi mwangu mwenyewe.

Nikavua aproni, nikavuka barabara.

Doña Eduviges alifungua mlango, mikono ina unga wa mahindi hadi kwenye viwiko.

"Unataka nini?"

"Mama yangu ndiye aliyemchukua Mtoto," nikasema. Sikujua nimalizie vipi, ikatoka yote kwa mpigo: kichwa chake hakiko sawa, alidhani ni mwanawe, mimi ndiye niliyemrudisha, mwite polisi ukitaka lakini waje kwangu, wasimguse yeye. "Hali chakula. Nakuomba uniazime. Nitakulipa."

Alinitazama kama mtu niliyemtukana.

"Nilimwona bibi akimchukua," akasema. "Nilikuwa dirishani. Alivua yeye mwenyewe kitambaa chake cha shingoni akamfunga, akamfunika na miguu. Nikalia, wee mwanamke! Kila mwaka naacha geti wazi. Kwetu Mtoto lazima aibiwe, na aliyemwiba humrudisha tarehe mbili, mchana, na nyimbo, na mtaa wote nyuma yake, na anawalisha. Kuanzia hapo nyumba yake na yangu ni ndugu mpaka kufa. Nikasema haya, miaka yote hii wanajifungia, sasa bibi katufungulia. Binamu yangu alikesha anatarizi gauni. Na wewe ukalitupa kwenye taka! Ukamrudisha Mtoto kimyakimya kama mtu anayerudisha viatu vilivyombana!"

Nilihisi uso unawaka.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mwizi haambiwi kwamba ameonekana! Ni nani asiyejua hilo?"

"Mimi! Mimi sijui! Nani aliwahi kunikaribisha?" Na mimi nikapandisha. "Mnaniita Mchina! Nyie mkinicheka nitajuaje leo ni kicheko cha undugu, wakati jana kilikuwa cha mawe kwenye kioo?"

Alifuta mikono kwenye gauni lake, akaangalia miguu yake, akaangalia duka langu ng'ambo.

"Unaitwa nani hasa?" akauliza.

"Chanthou."

Akajaribu kulitamka, akakosea, akajaribu tena.

"Sikiliza, Chanthou. Siwezi kukuazima. Mtoto haazimwi, wala hapewi mtu. Umenisikia nilivyosema?" Akanikazia macho. "Mimi nina chungu jikoni. Nikianza kukoroga sisikii mtu."

Akaingia ndani. Mlango akauacha wazi, na geti, na redio akaipandisha mpaka madirisha yakatetemeka.

Nilibaki uani na kondoo na ngamia. Yule Mtoto alikuwa kwenye hori, na alikuwa amevaa lile gauni jeupe. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, lakini doa la kahawa la kwenye pipa halikutoka lote pale kifuani. Maisha yangu yote nimeogopa kuitwa mwizi. Dukani kwa watu naweka mikono mbele ionekane. Nikainama nikambeba.

Nikatoka getini, nikaanza kuvuka barabara. Ilikuwa mchana, watu wamejaa. Wale wanawake wa kituo cha basi wakageuka kwa pamoja wakasoma tangazo la ukutani. Don Wences akaniona, akajitupa chini ya gari ambalo halikuwa na ubaya wowote, miguu tu ikabaki nje. Nilikuwa katikati niliposikia sauti ya Doña Eduviges kutoka dirishani.

"Jamaniii! Nimeibiwa tenaaa!"

Miguu ya don Wences ilikuwa inatikisika kwa kicheko. Na mimi, sijui nguvu zilitoka wapi, nikaanza kukimbia.

Mak alikuwa sakafuni karibu na ndoo. Nilimpandisha kitandani, nikampa Mtoto na krama yake. Alimnusa kichwani. Akamkagua gauni, mkono mmoja, mkono wa pili, akaona kavaa, kashiba.

"Umempata wapi?" akaniuliza.

"Nimemwiba, Mak."

Akaitikia kwa kichwa, akaona ni sawa, akafungua mdomo nimpe uji.