Intaneti ya Koridoni

Mshona nguo alikuwa anapinda pindo la gauni wakati shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alipopiga magoti koridoni na kuchomeka waya wa intaneti kwenye kompyuta ya zamani ya marehemu. Kompyuta ilikuwa imekaa bure juu ya kabati tangu msiba, kioo kimepasuka, lakini shemeji alisema roho bado imo: intaneti itaingia kwa waya, nayo itaitawanya hewani, nyumba nzima wapate. Mshona nguo hakuona ubaya. Kizuri kula na nduguyo. Akawagawia wapangaji paswedi.

Wiki haikuisha, nesi wa chumba cha mwisho akashikwa na mafua, na kila aliyejiunga akapiga chafya. Kinyozi akitafuna pilipili, dereva alitafuta maji. Walizoea. Nesi akicheka chumbani kwake, mshona nguo alicheka juu ya cherehani bila kujua kilichochekesha, akashukuru, maana tangu afiwe kicheko kilikuwa kimemhama.

Wa mwisho kuomba paswedi alikuwa mke wa mwalimu, wa ghorofani. Alitaka kuongea na mama yake. Mwalimu mwenyewe hakujiunga. Alikuwa na intaneti ya shuleni. Alikuwa mtu wa watu, husalimia hata paka.

Asubuhi iliyofuata mshona nguo aliamka shavu la kushoto limevilia damu. Bombani akawakuta wenzake na ndoo zao, kila mmoja na alama ileile, shavu lilelile. Mke wa mwalimu naye alikuwapo, kainamisha kichwa. Nesi aligawa dawa ya kuchua. Baadaye zikaja mbavu, kisha mkono. Mshona nguo hakukalika: akiketi anainuka, akishona anafumua, sikio liko juu.

Hatimaye wakakutana chumbani kwake, bila watu wa ghorofani. Chanzo walikijua, mwanzoni hakuna aliyekitaja. Kinyozi alilalamika kwamba wateja wanamkimbia. Nani atampa kichwa mtu mwenye uso wa manundu? Dereva alisema usukani haushikiki. Nesi alitaka waende kumkabili mwalimu. Wakamwambia ya ndani ya nyumba za watu hayaingiliwi, tena mwalimu ndiye anayewasomeshea watoto. Kisha wote wakamtazama mshona nguo, maana kompyuta ni yake. Akabadilisha paswedi, akawapa wote isipokuwa mmoja.

Alama zao zikapona. Chafya waliendelea kugawana kama kawaida.

Jioni moja mke wa mwalimu akabisha hodi, simu mkononi, jicho moja limefumba.

"Dada, intaneti imegoma?"

"Imekorofisha tu. Shemeji atakuja kuitazama."

Mke wa mwalimu hakuondoka.

"Nikiwa nimeungana na nyie," alisema taratibu, "haiumi sana."

Mshona nguo akasema atamkumbusha shemeji. Akafunga mlango, akarudi kwenye cherehani. Muda si muda, juu kiti kikaanguka, kisha kitu kizito kuliko kiti. Alijishika shavu, akajishika mbavu, akajipapasa mkono wote hadi begani. Hakuna kilichouma. Akaendelea kukanyaga cherehani, haraka haraka, kitambaa kikipita chini ya sindano mpaka mwisho, na ilichukua muda kabla hajaona kwamba sindano haina uzi.