Kondoo Mweupe wa Mzee Mwandu

Balaa lote lililetwa na picha. Nyanzala aliituma nyumbani Majimoto mwaka wake wa kwanza Msumbiji: amesimama kando ya gari jeupe, kofia ya buluu kichwani, na nyuma yake askari watatu wenye bunduki wanacheka. Barua iliyokuja nayo ilieleza vizuri kabisa kwamba yeye ni raia wa kujitolea tu katika misheni ya kulinda amani, na kazi yake ni kutafuta wazazi wa watoto waliopotea vitani. Lakini nani ahangaike na barua wakati picha ipo? Mzee Mwandu, baba yake, aliitazama, akaikunja kwenye kitambaa, akatangaza kwamba mwanawe ameingia jeshini. Majimoto nzima ikaitikia.

Basi aliporudi, Januari ya mwaka tisini na tano, treni mpaka Mpanda na lori la chumvi mpaka nyumbani, alimkuta baba amesimama kwenye pengo la ua wa minyaa, fimbo ya ng'ombe mkononi. Kando yake kondoo mweupe amefungwa kwenye kigingi. Mama alikuwa upande wa ndani, ameshika kibuyu cha maji, anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu, binti yangu. Simama hapo hapo."

Nyanzala akasimama. Njia nzima alikuwa anataka mambo mawili tu: kulala kwenye kitanda cha mama yake, na kutomwambia mtu yeyote habari za Lurdes.

"Aliyetoka vitani haingii kwa mama yake na marehemu mgongoni," mzee alisema. "Wataje kwanza, tukuoshe. Umeua wangapi?"

"Baba! Mimi sikushika bunduki. Niliandika kwenye barua."

"Barua tulisomewa. Ulienda vitani bila bunduki?"

"Bila hata fimbo."

"Sasa nyie mlienda kufanya nini? Kuwapigia makofi?"

Hapo hasira zikampanda. Siku nne za safari, na maji yanaonekana kwenye kibuyu pale! Akatua begi chini kwa kishindo.

"Askari walilinda barabara, baba, na Mungu awabariki. Lakini askari hawezi kukaa siku nzima na mtoto wa miaka minne akimuuliza mama yako alikuwa anakuimbia nini, ili wimbo uoneshe wametoka kijiji gani. Hiyo ilikuwa kazi yetu sisi. Unataka majina? Haya! Joaquim, nilimkuta anachunga mbuzi za watu, nikamrudisha kwa bibi yake. Celeste na mdogo wake. Tomás, aliyekuwa hasemi. Mapacha wa Mueda. Rosalina..."

Akaendelea, kidole kwa kidole, na kila jina lilimpa furaha, mpaka mama akaanza kutabasamu kwenye khanga. Kisha mkono ukabaki hewani.

"Endelea," mzee alisema, taratibu sasa.

"Lurdes."

Akashusha mkono.

"Mama yake tulimpata miaka mitatu tangu wapotezane. Mtoto alikuwa na homa. Nesi aliniambia nisubiri siku mbili. Nikaona yule mama amengoja vya kutosha, na gari lilikuwa limekwama, nikambeba mgongoni. Alinifia njiani, baba. Nilimfikisha kwa mama yake hivyo hivyo."

Wenzake kule walimwambia siyo kosa lake, tena kwa upendo wa kweli, na haikumsaidia kitu. Mzee Mwandu hakusema hivyo. Aliegemeza fimbo kwenye minyaa.

"Mwana wa nani?"

"Wa Filomena."

Akachinja kondoo pale pale mlangoni. Akachovya majani kwenye beseni la maji lililokuwa kando ya kigingi, akamwosha mwanawe viganja, kisha mgongo, akizungumza Kisukuma na mtoto asiyekijua: Lurdes, mwana wa Filomena, huyu aliyekubeba ni Nyanzala, binti yangu. Alikuwa anakupeleka kwenu. Aliharakisha kwa sababu mama yako alikuwa analia. Pumzika, mjukuu wangu, mwachie mgongo wake.

Nyanzala alilia kwa sauti, kama msibani, kilio ambacho kilikuwa kimemkwama tangu Agosti, Lurdes alipomfia. Mzee hakumnyamazisha. Kilio kilipokwisha, mama alipita kwenye pengo la ua, akamfuta mgongo kwa khanga, akampa kibuyu. Nyanzala akanywa maji yote.

"Asante sana, baba."

"Ya maji mshukuru mama yako."

"Siyo ya maji. Ya kunisimamisha mlangoni."

Mzee akakohoa, akaokota kisu chake, akaanza kumchuna kondoo.

"Kalale, mayu," alisema.