Akaunti ya Mgeni

Jumamosi asubuhi Kifunguamimba aliiweka seva juu ya friji, kwa sababu waya wa ruta haukufika kwingine. Ilikuwa kompyuta kuukuu isiyozidi ukubwa wa kitabu, na ubavuni mwake diski mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira. Humo alitia filamu, nyimbo na picha zote alizoacha marehemu baba yao, ili ndugu waliotawanyika wazifungue kwa simu popote walipo. Kazi yake ni kupima watu macho, lakini mambo ya seva alikuwa amejifundisha mwenyewe kwa taabu, na mtu akijifunza jambo kwa taabu hakosi kulitangaza.

Akaunti aliwafungulia wote: wadogo zake, mashemeji, binamu asiyepokea simu, hata jirani wa ghorofa ya juu aliyetaka kutazama mpira tu.

Dada yake wa mwisho, Kitindamimba, akapiga simu kutoka ughaibuni.

"Kaka, picha nimeziona, safi sana. Ila huyo Yaya mbona yuko kila mahali? Wakwe zangu wananiuliza ni shangazi wa upande gani."

"Alikuwepo, ndiyo maana."

"Najua alikuwepo. Mkate tu pembeni, kaka, zibaki za familia."

Kifunguamimba hakupenda, lakini pia hakukataa. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Kumkata Yaya kulikuwa rahisi, maana miaka yote aliyowalea alisimama ukingoni mwa picha, kama mtu aliyeambiwa asikae sana. Iliyomsumbua ni moja, ya siku yeye mwenyewe alipoanza shule. Yaya alipokwisha kukatwa, mkono wake ulibaki begani kwa mtoto. Akaupaka rangi ya shati mpaka ukatoweka, akahifadhi. Seva, kama alivyoipangia mwenyewe, ikaifuta ya zamani kwenye diski zote mbili. Picha za karatasi alikuwa amekwisha kuzichoma, maana zilikuwa zinafuga mende.

Na hiyo ndiyo picha ambayo Yaya alimwomba msibani kwa baba. Hakuwa na picha hata moja ya miaka ile. "Nitakuletea, Yaya," alikuwa amemwambia.

Jioni mkono ule ulikuwa jikoni kwenye sinki, unaosha vyombo. Ulikuwa wa kulia, umeishia chini kidogo ya kiwiko, na kidole gumba kilikuwa na kovu la mafuta ya moto. Mkewe aliusogeza kidogo akinge maji.

"Uambie sahani za bluu zisikae juu," alisema.

Mkono ukazipanga chini. Siku zilizofuata ulipiga deki, ukakunja nguo, ukambembeleza mtoto wao mpaka akalala.

"Si wanasema mkono mmoja haulei mwana?" mkewe akacheka. "Huu mbona unaweza?"

Shemeji mmoja alipokuja kutembea aliuliza tu kama kuna mwingine.

Kifunguamimba alikula ameinamisha kichwa. Kila mkono ulipopita nyuma ya kiti chake ulitua kidogo begani, kisha ukaendelea na kazi, naye aibu ikampanda hadi masikioni. Alijaribu kuirudisha ile picha. Hakukuwa na cha kurudisha.

Kisha Yaya akaja mwenyewe. Mkono wa kulia wa gauni lake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Shikamoo, Yaya."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia ile picha." Akachungulia jikoni, akauona mkono unasuuza vikombe. "Ah, kumbe uko huku! Nilijua tu hauwezi kukaa bure."

"Yaya, nisamehe. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine angejua nilikushika wapi?"

Alitamani sakafu ipasuke immeze. Akamwambia auchukue mkono wake, aondoke nao sasa hivi.

"Uache umalize vyombo," alisema Yaya. "Wewe nionyeshe picha. Hivyo hivyo ilivyo."

Kifunguamimba akaichukua simu ya Yaya amfungulie akaunti. Akimweka kwenye kundi la Familia, ndugu wote wangepata taarifa, na Kitindamimba angepiga simu. Kidole chake kilisita hapo kitambo. Akamwandika Mgeni.

Picha ikafunguka. Mtoto alisimama peke yake mbele ya darasa, bega moja limeshuka kidogo.

"Ulikuwa unalia," alisema Yaya. "Nikakwambia nipo." Akaitazama sana. "Nifanyeje ibaki kwenye simu?"

"Mgeni haruhusiwi, Yaya," alijibu.

"Haya, mwanangu."

Akainuka. Mkono ukajifuta kwa kitambaa, ukamfungulia mlango, naye akaushukuru. Ukaufunga taratibu, ukarudi kwenye sinki. Sufuria kubwa ilikuwa bado.