Mawe ya Mama Man-ho

Mama Man-ho aliegesha kigari chake cha mtoto mlangoni pa hospitali ya mgongo mjini Goheung, kwenye safu ya vigari vingine ambavyo navyo havikuwa na mtoto. Wazee wa pwani ile wote huvisukuma. Ukikiinamia unatembea; ukisimama wima, miguu inakufa ganzi na unatafuta pa kukaa. Kutoka kwake hadi kituo cha basi alikuwa amekaa kitako mara tatu, mojawapo juu ya gunia la vitunguu saumu la watu.

Alikuja kwa sababu moja. Kesho yake kijiji chake cha Sokpo kilikuwa na tambiko kwenye ukuta wa bahari, ule ulioipokonya bahari mashamba ya mpunga, na kikombe cha kwanza cha pombe ya mchele hupewa mjenzi. Wajenzi karibu wote wamekwisha kufa. Yeye yu hai, na alibeba mawe kichwani tangu mwaka alioolewa hadi Man-ho alipoota meno. Alitaka kupanda pale kwa miguu yake, asimame wima, anywe.

"Tak Bong-nim!" muuguzi akaita. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, ndipo Mama Man-ho akakumbuka kuwa ndiye yeye.

Daktari, binti mdogo mwenye mikono ya baridi, alimlaza kifudifudi, akamchoma sindano ya ganzi, akatoboa tundu lisilozidi punje ya mchele.

"Bibi, uliwahi kubeba mawe?"

"Wewe nitolee tu. Nina basi la saa tisa."

"Yamo humu mgongoni, ndiyo yaliyobana mishipa ya miguu. Bado yana chaza."

Akayatoa moja moja, kila moja sawa na kichwa cha ng'ombe, na wauguzi wawili wakawa wanayapokea huku wakilalamikia viuno vyao wenyewe. Kwenye kitanda cha pili mzee mmoja wa visiwani alikuwa ametolewa nanga, na mkewe anamgombeza kwamba nyumbani hakuna pa kuiweka. Kabla ya adhuhuri Mama Man-ho alikuwa amesimama, wima kiasi cha kukiona kipara cha mlinzi wa mlangoni kwa juu. Vidole vyake vya miguu vilihisi ubaridi wa sakafu. Akacheka peke yake kwa furaha.

Hospitali haibaki na kitu cha mgonjwa. Mawe yakapakiwa kigarini, na dereva wa basi alipoyaona akauliza kama ni ya bustani au ya mgongo. Ya mgongo husafiri bure.

Asubuhi yake, ukutani, wanaume walikuwa wameketi mkekani mbele ya kichwa cha nguruwe. Wanawake walikuwa pembeni na sufuria ya supu ya chaza. Mama Man-ho akapita katikati yao akisukuma kigari kilicholemewa, kidevu juu. Mwenyekiti wa kijiji, Kuk Chil-song, akainuka, akaligeuza jiwe moja, akalinusa.

"La kwetu hili. Hongera, Mama! Mgongo umenyooka kama mlingoti."

"Basi lete kikombe."

"Kikombe ni cha mjenzi, Mama."

"Na hayo niliyobeba yalikuwa maboga?"

"Nani kabisha? Ulibeba, tena sana. Lakini mjenzi aliyebaki ni Mzee Pan-su."

Enzi zile kazi ya Mzee Pan-su ilikuwa kupuliza filimbi ya kuanza na filimbi ya kumaliza. Aliinamisha macho akatazama mkeka. Kikombe kikaletwa mbele yake kwa mikono miwili, akakinywa, wanaume wakapiga makofi.

"Mawe yaache hapo, yatafaa kuziba ule ufa," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Supu vipi?"

"Chil-song, makalio yako niliyaosha mimi ulipokuwa mchanga. Leo sikupakulii."

Akavua viatu na soksi, akapanda juu ya ukuta. Hapo miguu ikamwambia jambo. Mawe mengine yalikuwa baridi kama mawe yote ya baharini, ila aliyoyabeba yeye yalikuwa na joto, joto la utosi wa mtu. Hili lake. Hili lake pia. Hili alilibeba akiwa na mimba ya Man-ho. Akaendelea, na karibu kila alipokanyaga palikuwa na joto, fahari ikampanda, maana alikuwa amesahau ukubwa wa alichokifanya. Wanaume walimtazama, wakakubaliana kwamba tiba za siku hizi si mchezo, mtu anakwenda asubuhi na jioni yuko kwake.

Mbele kidogo akakuta joto la namna nyingine, akalitambua mara moja. Lilikuwa la jirani yake, waliyeolewa naye mwaka mmoja.

"Mama Jong-rye!" akapaza sauti. "Na ya kwako yamo! Tele! Vua viatu uje!"

Mama Jong-rye alikuwa ameinamia sufuria, mkono mmoja na upawa, mwingine kiunoni.

"Wakishashiba nakuja!"

Akapakua bakuli la mwisho, la Mwenyekiti. Mzee Pan-su alikuwa keshamaliza lake, akaomba aongezewe.