Mstari wa Kiwango cha Juu

Mtakwimu wa hospitali alibonyeza kitufe, na chati ya buibui ikajichora kwenye kompyuta: pembe tano, za usafi, dawa, vitanda, wauguzi na oksijeni. Wodi ya wazazi ilijaa vizuri pembe nne. Ya oksijeni ilibonyea hadi karibu na kitovu. Kule wodini, ukuta wa upande wa mitungi nao ulisogea ndani, kama ulivyozoea kila chati mpya ilipochorwa.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa zamu.

"Umechora tena? Ukuta umegusa kitanda cha mdogo wako. Na kifua bado kimembana, mtungi mtupu."

Mdogo wake alikuwa amejifungua jana.

Mganga mkuu akaingia bila hodi.

"Wafadhili wako getini. Hiyo pembe ijaze."

"Wao si hununua kinachopungua, bosi? Tuna alama mbili kwa kumi. Wakiona, watatupa mitungi."

"Wakiona, watauliza ile mitungi ya mwaka jana iko wapi. Si una R yako hiyo? Jiongeze!"

Mambo ya R, programu yake ya takwimu, yalikuwa hivi: kifurushi cha kuchorea chati husoma mstari wa kwanza wa jedwali kama kiwango cha juu na wa pili kama cha chini, alama zenyewe huanzia wa tatu. Ukishusha kiwango cha juu kutoka kumi hadi mbili, alama ya mbili huonekana imejaa. Mtakwimu hakuwahi kuugusa mstari ule, na kwa hilo kantini nzima ilimwita Mbishi.

Simu ikalia tena.

"Mbishi, kitanda kinapinda, jamani!"

Akafuta kumi ya oksijeni, akaandika mbili. Akabonyeza.

Ukuta ulirudi nyuma ukiacha mchubuko sakafuni. Wafadhili waliingia wodini wakiwa wamepangana bega kwa bega, wakasifu nafasi, wakaitazama chati.

"Hapa mmejitosheleza," walisema, wakaenda kupanda gari. Mganga mkuu aliwasindikiza huku kichwa kimemvimba.

Mtakwimu alikimbilia kitandani. Mdogo wake alimshika kidole.

"Ahsante, dada. Chumba kimepanuka," alisema, akitweta kila neno. "Mbona hewa ni ile ile?"

Mtakwimu alivuta kiti, akaketi. Nafasi ya kiti sasa ilikuwepo, na ya mtungi pia.